Hesabu Moja, Maandishi Mawili: Chimbuko la Ustaarabu wa Wajapani, Wavietnam na Wakhmer

Mkulima wa Vietnam akihesabu mizigo yake ya mpunga kutoka moja hadi tano husema một, hai, ba, bốn, năm. Mwenzake wa Kamboja, ng'ambo ya mpaka, husema muoy, pii, bei, buon, pram. Huhitaji kuwa mwanaisimu kusikia kwamba moja, tatu na nne za lugha hizi zimetoka tumbo moja, kama tunavyosikia undugu wa tatu ya Kiswahili, ithatu ya Kikuyu na ssatu ya Kiganda. Kivietnam na Kikhmer ni lugha za ukoo mmoja, ambao wanaisimu huuita Austroasia, na ukoo huo unadhaniwa kuenea Kusini-Mashariki mwa Asia pamoja na kilimo cha mpunga zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kijapani hakimo katika ukoo huo, wala hakina undugu wa asili na Kichina.

Ukifungua maandishi ya kale ya mataifa haya matatu, hata hivyo, unakuta mpangilio mwingine kabisa. Nyaraka za kale za Vietnam na za Japani zimeandikwa kwa herufi za Kichina. Mawe ya Wakhmer yamechongwa kwa herufi zenye asili ya India ya kusini, na yanawasifu Shiva na Vishnu, miungu ya Kihindu, kwa Kisanskriti, lugha takatifu ya India. Ndugu wawili wa lugha wamesomea shule mbili tofauti, na asiye ndugu yao amekaa dawati moja na mmoja wao. Maelezo mengi mafupi hulikata fundo hili badala ya kulifungua: husema kwamba Japani na Vietnam ni watoto wa China, Kamboja ni mtoto wa India, basi. Naiona kauli hiyo kuwa ya kupotosha, kwa sababu inaficha jambo lenye uzito kuliko yote, yaani namna kila taifa lilivyokutana na jirani yake mkubwa na kile ambacho tayari lilikuwa nacho mkononi siku walipokutana.

Iko miaka michache inayotuwezesha kuyaona mataifa yote matatu kwa mtazamo mmoja, nayo ni ile ya katikati ya karne ya 3 BK. Utawala wa Han ulikuwa umevunjika na China imegawanyika katika falme tatu. Mwaka 239, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, wajumbe wa Himiko, malkia wa nchi iliyoitwa Yamatai katika visiwa vya Japani, walifika kwenye ufalme wa Wei kaskazini mwa China wakiwa na watumwa na vitambaa, wakarudi na cheo cha malkia wao, muhuri wa dhahabu na vioo 100 vya shaba. Mwaka 248, huko Cửu Chân, katika sehemu ya Vietnam ya leo iliyokuwa chini ya ufalme wa Wu, mwanamke kijana anayekumbukwa kwa jina la Bà Triệu aliongoza uasi dhidi ya watawala hao. Na katika kipindi hichohicho ufalme huohuo wa Wu uliwatuma wajumbe wawili, Kang Tai na Zhu Ying, hadi Funan, nchi ya mdomo wa mto Mekong, ambako Wachina waliandika kwamba walikuta miji yenye kuta, nyumba za kuhifadhia maandishi, na kodi iliyolipwa kwa dhahabu, fedha, lulu na manukato. Kwa Japani China ilikuwa serikali ya mbali inayotafutwa heshima yake. Kwa Vietnam ilikuwa mtawala aliye mlangoni. Kwa Wakhmer na majirani zao wa Mekong ilikuwa mnunuzi. Mengi yaliyofuata yamo ndani ya tofauti hiyo.

Kabla ya kuendelea, msomaji awe macho na majina. Wa (yaani Japani), Funan, Zhenla (nchi ya Wakhmer iliyofuata Funan) na Giao Chi (kaskazini mwa Vietnam ya leo) ni majina tunayoyajua kwa sababu makarani wa Kichina waliyaandika, wakisikia lugha za wageni kwa masikio yao wenyewe. Simulizi za wenyeji zilikuja kuandikwa baadaye sana. Vitabu vya Kijapani vya *Kojiki* na *Nihon Shoki* ni vya mwaka 712 na 720, na *Nihon Shoki* ndicho chanzo cha hesabu inayomweka mfalme wa kwanza, Jimmu, mwaka 660 KK. Historia ya Vietnam iliyokamilishwa mwaka 1479 inaanzisha nasaba ya wafalme wa Hùng mwaka 2879 KK. Tarehe hizi ni za hekaya, na zilipangwa na watu waliotaka mataifa yao yawe na umri wa kusimama mbele ya China bila kuinamisha kichwa. Nia hiyo ninaiheshimu. Lakini kwa kujua kilichotokea, udongo ni shahidi bora.

Udongo wa Japani unasema kwamba visiwa hivyo vilikuwa na watu waliofinyanga vyungu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya kilimo. Wanaitwa watu wa Jomon, kutokana na alama za kamba zilizokandamizwa kwenye udongo mbichi wa vyungu vyao. Waliishi kwa samaki, mawindo, karanga za msituni na mizizi, na baadhi yao walijenga vijiji vilivyodumu kwa karne nyingi. Mpunga wa majaruba ulifika kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu kutoka rasi ya Korea katika milenia ya kwanza KK, nao haukuja peke yake. Watu walivuka bahari wakiwa na mbegu, shaba na baadaye chuma, wakachanganyika na wenyeji, na mchanganyiko huo unaonekana hadi leo katika vinasaba vya Wajapani.

Aliyewahi kulima majaruba anajua ni kwa nini mpunga hubadili siasa. Jaruba halimtegemei mwenye shamba peke yake. Tuta likibomoka juu, wa chini hukosa maji. Mmoja akichelewa kupandikiza miche, mfereji mzima husubiri. Lazima awepo anayeamua nani afungue maji kwanza, na panapotokea mtu wa kuamua hapo hutokea pia cha kugombea. Katika kijiji cha kale cha Yoshinogari, mkoani Saga, wachimbuzi walikuta mahandaki ya ulinzi, mashimo ya nguzo za minara, maghala, na katika mtungi mmoja wa kuzikia, mifupa ya mtu asiye na kichwa.

Mwaka 1784, kwenye kisiwa cha Shikanoshima karibu na Fukuoka, mkulima aliyekuwa akitengeneza mfereji wa shamba lake aliokota kipande cha dhahabu. Kilikuwa muhuri wa mraba, kila upande ukiwa na sentimita 2.3 hivi, uzito wake gramu 108 tu, na mshikio wake umefanyizwa kama nyoka aliyejikunja. Herufi tano zilizochongwa chini yake husomwa kwa kawaida kuwa ni za mfalme wa Na, wa nchi ya Wa, aliye chini ya Han. Kumbukumbu za China zinasema kwamba mwaka 57 BK Kaizari Guangwu alimpa muhuri mjumbe kutoka Na. Kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto kiliitwa na kitabu, kikaitika kutoka shambani baada ya miaka zaidi ya 1,700. Hata hivyo muhuri huu usifanywe ushahidi kwamba China iliitawala Japani. Chifu mmoja kati ya machifu wengi alikuwa amejipatia rafiki mkubwa wa kuwatishia wenzake, na bahari ilimwezesha kuchagua ni lini atume wajumbe na lini anyamaze.

Himiko alifanya vivyo hivyo karibu miaka 200 baadaye. Wachina wanaeleza kwamba alitawazwa baada ya vita vya miaka mingi, kwamba hakuolewa, kwamba wachache walimwona, na kwamba mdogo wake wa kiume ndiye aliyemsaidia kuongoza nchi. Alipofariki kilijengwa kilima kikubwa cha kaburi. Mfalme wa kiume aliyemrithi hakukubaliwa, damu ikamwagika, hadi alipowekwa binti wa miaka 13 wa ukoo wake. Wanazuoni wa Japani bado wanabishana ikiwa Yamatai ilikuwa Kyushu au karibu na Nara, na ubishi huo una maana kubwa, kwa kuwa Nara ndiko dola ya Yamato ilikochipukia. Kuanzia wakati huo huko yalijengwa makaburi yenye umbo la tundu la ufunguo, na kubwa kuliko yote, Daisen huko Sakai, lina urefu wa mita 486.

Kilichowapa Wajapani kazi ngumu kuliko yote kilikuwa maandishi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Cha Kijapani hubeba mkia wa viambishi unaoonyesha wakati, adabu na ukanushi, kama cha Kiswahili kinavyobeba mzigo wake mbele na nyuma. Herufi za Kichina, ambazo kila moja ni neno zima, hazikuwa na mahali pa kuweka mkia huo. Mwanzo wa suluhisho unaonekana kwenye upanga wa chuma uliopatikana mwaka 1968 katika kaburi la Inariyama, mkoani Saitama. Miaka kumi baadaye picha za eksirei zilionyesha, chini ya kutu, herufi 115 za dhahabu zilizotiwa ndani ya chuma, na mwaka unaotajwa husomwa kuwa 471. Maandishi ni ya Kichina, lakini majina ya watu, likiwemo la mfalme Wakatakeru, yameandikwa kwa kuazima sauti za herufi na kuacha maana zake. Njia hiyo ilipanuliwa kidogo kidogo. Herufi yenye maana ya amani, iliyosomwa "an", ikawa ya kuandikia sauti "a" tu, ikaandikwa haraka haraka mpaka mistari yake ikalainika, na leo ndiyo herufi ya kwanza anayojifunza mtoto wa Kijapani. Waliowahi kusoma tenzi zetu za zamani kwa herufi za Kiarabu watakumbuka shida ya namna hii: irabu tano za Kiswahili zikibanwa ndani ya alama tatu, na msomaji akikisia kama mshairi alikusudia e au i.

Dini ya Buddha iliingia Japani kutoka ufalme wa Paekche wa Korea, mwaka 538 au 552 kulingana na chanzo, na ilibidi ukoo wa Soga uushinde ukoo wa Mononobe vitani mwaka 587 ndipo ipate nafasi barazani. Halafu likaja pigo ambalo nadhani halipewi uzito wa kutosha. Mwaka 663 jeshi la majini la Japani, lililokwenda kuisaidia Paekche, lilipondwa na majeshi ya Tang, nasaba iliyotawala China, na Silla, ufalme mwingine wa Korea, kwenye mto Baekgang. Kwa mara ya kwanza watawala wa Yamato waliona kwamba bahari inaweza kuvukwa na adui. Walijenga ngome Kyushu kwa haraka, wakaandikisha watu, wakachukua sheria za Tang zilizokamilika katika kanuni za Taiho za mwaka 701, na mwaka 710 wakaweka mji mkuu Nara kwa ramani ya Chang'an, mji mkuu wa Tang. Walisoma kwa bidii kwa sababu waliogopa. Hata hivyo walichagua: mitihani iliyomfungulia mtu wa kawaida mlango wa ukubwa haikuota mizizi, matowashi hawakuingizwa ikulu, na fundisho la China kwamba mbingu inaweza kumpokonya mfalme muovu kiti halikukubaliwa, kwa sababu mfalme wao alihesabiwa kuwa wa uzao wa mungu jua na uzao haupokonyeki.

Vietnam haikupata nafasi ya kuchagua namna hiyo. Katika delta ya Mto Mwekundu, kuanzia karne ya 7 au ya 6 KK, walikuwepo mafundi wa utamaduni wa Đông Sơn, ambao ngoma zao za shaba iliyochanganywa na bati zinashangaza hadi leo. Ngoma ya Ngọc Lũ ina upana wa sentimita 79 usoni na kimo cha sentimita 63. Katikati kuna nyota yenye ncha 14, na kuizunguka, duara baada ya duara, kuna ndege wenye midomo mirefu, paa, wapigaji wenye vilemba vya manyoya, nyumba zenye paa lililopinda, na watu wawili wamesimama kwenye kinu, kila mmoja na mchi wake, wakitwanga mpunga. Wachina walikuwa hawajafika. Huko Cổ Loa, karibu na Hanoi, kuta za udongo uliopigwa zilijengwa karibu na karne ya 3 KK, na ngoma iliyofukuliwa humo mwaka 1982 ilikuwa imejazwa vipande vya shaba, vikiwemo vyembe vya plau zaidi ya 90. Kwa hiyo dola, plau na ufundi vilikuwepo kabla ya mtawala kuja kudai kwamba ndiye aliyevileta.

Majeshi ya Han yaliichukua nchi hiyo mwaka 111 KK. Mwaka 40 BK Trưng Trắc, binti wa ukoo wa machifu wa Lạc, wenyeji wa delta hiyo, na mdogo wake Trưng Nhị waliinuka dhidi ya gavana, na kumbukumbu za China zenyewe zinakiri kwamba miji 65 iliwafuata. Jemadari Ma Yuan aliwashinda mwaka 43. Kumbukumbu hizohizo zinasema kwamba ngoma za shaba alizozipata huko aliziyeyusha akatengeneza sanamu ya farasi, akampelekea kaizari. Kila ninapoisoma habari hiyo fupi naona imebeba maelezo ya karne nyingi: machifu walioshika ngoma walivunjwa, na shaba yao ikageuzwa kuwa mnyama wa vita wa mshindi.

Utawala huo ulidumu, kwa vipindi vya kukatika, hadi mwaka 938. Ni muda ambao lugha ingeweza kufa. Kivietnam hakikufa, lakini kilijaa maneno ya Kichina, kikapata toni, sita kwa matamshi ya Hanoi, na kwa sababu hiyo wanazuoni kadhaa walikitenga na Kikhmer kisicho na toni. Mwaka 1954 mwanaisimu Mfaransa André-Georges Haudricourt alionyesha kwamba toni hizo zilizaliwa baadaye, kutokana na konsonanti zilizodondoka. Ukizirudisha, undugu na Kikhmer unajitokeza tena. Ndiyo maana nilianza na hesabu: utawala wa karibu miaka elfu ulibadili msamiati wa ofisi na wa vitabu, lakini haukufika mahali ambapo mama humfundisha mtoto kuhesabu vidole.

Namna utawala huo ulivyokwisha inafahamika vizuri na mtu wa pwani. Ngô Quyền alisimika nguzo zenye ncha za chuma kwenye mdomo wa mto Bạch Đằng, zikawa hazionekani maji yanapojaa. Mashua zake nyepesi ziliwavuta maadui wa Han ya Kusini, ufalme wa kusini mwa China, mpaka ndani, zikawashughulisha hadi maji yalipoanza kupwa, na merikebu zao nzito zikachomwa matumbo na nguzo. Lakini wafalme wa Vietnam huru waliendelea kusoma China kuliko hapo awali. Lý Công Uẩn alihamishia makao Thăng Long, Hanoi ya leo, mwaka 1010. Hekalu la Fasihi la kumheshimu Confucius, mwanafalsafa wa China, lilijengwa mwaka 1070, na mitihani ya kwanza ikafanyika mwaka 1075. Wengine huona hapo ukinzani. Mimi naona watu waliojua kwa uchungu nguvu ya dola yenye makarani, kodi na jeshi la kudumu, wakaamua kwamba safari ijayo wao ndio wawe na dola hiyo.

Kusini zaidi hali ilikuwa nyingine, na iliendeshwa na upepo. Kaskazi na kusi zetu ni sehemu ya mfumo mkubwa wa pepo za misimu unaovuma hadi Ghuba ya Bengal na bahari ya kusini mwa China. Mfanyabiashara aliyetoka India kuelekea China alilazimika kutua na kungoja upepo ugeuke, miezi mizima, mahali penye chakula. Óc Eo, bandari ya Funan iliyochimbuliwa na Louis Malleret mwaka 1944 na ambayo leo imo ndani ya Vietnam, ilikuwa mahali pa namna hiyo: mpunga wa bara uliwalisha mabaharia, na mifereji iliiunganisha na mji wa Angkor Borei. Humo zilipatikana medali za dhahabu zenye sura za watawala wa Roma Antoninus Pius na Marcus Aurelius, vioo vya China na mihuri yenye maandishi ya Kihindi.

Hekaya ya mwanzo wa Funan inasema mgeni aitwaye Kaundinya alikuja kwa chombo, akamshinda malkia wa nchi kwa upinde, akamwoa. Waandishi wa enzi ya ukoloni walisoma humo habari za koloni la Wahindi, kama wengine walivyoitazama misikiti ya mawe ya Kilwa na kudai kwamba Waafrika hawakuijenga. Hakuna ushahidi wa jeshi la India kuiteka Mekong. Waliokuja ni wafanyabiashara na Wabrahmani, makuhani wa Kihindu, na machifu wa Mekong waliwakaribisha kwa sababu walichokuja nacho kilikuwa na faida: kalenda, sheria, namna ya kumtukuza mfalme ambayo chifu jirani hakuwa nayo. Mwaka 802, juu ya mlima Kulen, Jayavarman II alifanyiwa ibada ya kumtawaza mtawala wa wote, ili nchi ya Wakambuja, yaani Wakhmer, isitegemee tena "Java", kama linavyosema jiwe la Sdok Kak Thom la karne ya 11. Warithi wake walichimba maziwa ya mstatili. Lile la Yasovarman I, lililochimbwa mwishoni mwa karne ya 9, lilikuwa na urefu wa kilomita 7.5 na upana wa 1.8. Angkor Wat ilikuja karne ya 12, juu ya msingi huo wa maji na mpunga.

Mawe ya Wakhmer yanastahili kutazamwa kwa karibu. Moja, kutoka Sambor kando ya Mekong, limeandikwa mwaka 605 wa kalenda ya Saka ya Kihindi, yaani 683 BK, na sifuri ya 605 ni nukta moja iliyochongwa, miongoni mwa sifuri za kale kabisa zinazojulikana duniani zenye tarehe yake. Lugha yake ni Kikhmer. Jiwe la kwanza la Kikhmer lenye tarehe ni la mwaka 611, kutoka Angkor Borei, na tangu hapo unajitokeza mgawanyo wa kazi uliodumu kwa karne nyingi. Mashairi ya kuwasifu miungu na wafalme yanaandikwa kwa Kisanskriti. Panapofika mahali pa kueleza hekalu linamiliki nini, mchongaji anaingia lugha ya nyumbani: ng'ombe, nyati, minazi, mashamba ya mpunga na mipaka yake, na watumwa wanaume kwa wanawake, akina mama pamoja na watoto wao, mmoja mmoja kwa jina, halafu idadi yao.